Mapigo ya Mkono wa Kushoto

Mkono wangu wa kushoto ndio ulioanza kugoma. Miaka ya themanini mwanzoni, enzi za kupanga foleni ya sabuni, mimi ndiye niliyekuwa nikimkamulia bibi yangu ng'ombe wake, kwetu kando ya barabara ya kuteremkia Mang'ola. Nilikuwa binti wa kuolewa, mwenye nguvu na mdomo. Mara nikawa nikikamua kidogo tu, mkono unauma, unalegea, unakuwa wa baridi hata jua likiwaka. Jioni homa. Nguo zikaanza kunipwaya. Tukazunguka kwa waganga, wapi! Asubuhi moja kibuyu kikaniponyoka, maziwa yote yakanywewa na vumbi.

"Uvivu huo!" bibi akafoka. Lakini siku ileile alisimamisha lori la vitunguu, akanipandisha juu ya magunia, naye akapanda na uzee wake wote, tukaenda hospitali ya misheni.

Nesi alinishika kifundo cha mkono. Akatafuta, akasogeza vidole, akatafuta tena. Akamwita mwenzake. Wakanong'onezana: huyu dada, mbona mkono huu hauna mapigo?

"Kama nimeshakufa mniambie mapema," nikasema, "nirudi nikazikwe kwetu."

Nilicheka peke yangu. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa.

Bibi hakucheka. Aliunyakua mkono wangu, akaubana kwa kidole gumba chake kilichokomazwa na jembe. "Mbona haya hapa! Yanapiga! Nyie mlisomea nini?"

"Samahani, bibi," nesi akasema taratibu. "Kidole gumba kina mapigo yake. Hayo unayoyasikia ni ya kwako mwenyewe."

Bibi akanywea. Aliuachia mkono wangu, akaenda kukaa kwenye benchi.

Daktari, Mzungu mwenye Kiswahili cha kanisani, alinipima presha mikono yote miwili. Wa kulia ulisema, wa kushoto kimya. Akasikiliza shingo yangu, akabonyeza tezi iliyovimba chini ya sikio. Kisha akatueleza. Mishipa mikubwa inayotoka kwenye moyo ilikuwa imevimba kuta, damu inapita kwa kubanwa. Mkono ungeweza kufa, na ubaya huo ukifika kwenye mishipa ya kichwa, nami ningeufuata.

"Chanzo chake hakuna anayekijua kwa hakika," akasema. "Ila wengi wa namna yako huwa na TB mahali fulani mwilini, na tezi hii naona ni TB. Huenda vijidudu vyake vinauchokoza mwili, nao kwa hasira unaipiga hata mishipa yake wenyewe. Huenda. Sina ushahidi. Lakini TB naweza kuitibu, na uvimbe naweza kuutuliza."

Nilimpenda kwa ile "huenda" yake. Waganga wote tuliokwisha kuwaendea walikuwa na uhakika.

"Maziwa unakunywa mabichi?" akaniuliza.

"Kwani kuna mengine?"

Akasema tuyachemshe, maana TB ya ng'ombe hupitia humo. Hapo ndipo palipokuwa na kazi! Sindano nilizivumilia, vidonge nikameza hadi uso ukaumuka kama andazi. Lakini kuchemsha maziwa? Bibi aliamini, kama wazee wake walivyoamini, kwamba maziwa yakiguswa na moto, ng'ombe hukauka. Na wa kukamuliwa alikuwa naye mmoja tu. Nikamwambia basi, yaishe, mimi maziwa siyanywi tena.

"Utapona kwa maji?" akanijia juu. "Jitazame, mifupa mitupu!"

Kesho yake nikamkuta ameinjika sufuria jikoni. Maziwa yalipoanza kupanda, aligeuza uso pembeni. Kisha akaenda zizini, akamshika ng'ombe shingoni, akamwambia kwa Kiiraqw: "Usinikasirikie. Kama ni kukauka, kauka wewe, huyu mtoto abaki."

Nililia palepale mlangoni, wala sioni aibu kusema. Tangu hapo kila siku alichemsha, na kila siku alikwenda kumwomba ng'ombe radhi. Ng'ombe hakukauka. Aliendelea kutupiga mateke vilevile.

Mvua zikaja, zikaisha. Mkono ukaanza kupata joto. Nikaweza kukamua chuchu mbili bila kupumzika, kisha zote. Tulipokwenda tena hospitali, nesi yuleyule akanishika mkono, akafumba macho. Safari hii hata kutania sikuthubutu.

"Yapo," akasema. "Madogo, ya mbali, lakini yapo."

Daktari naye akashika, akatabasamu. Akasema huenda ni dawa za TB, huenda ni zile za uvimbe, huenda mwili umejitafutia njia nyingine. Tena huenda! Nilitamani kumkumbatia.

Bibi alikuwa kwenye benchi lilelile, mikono kaificha ndani ya shuka lake.

"Njoo, bibi," nesi akamwita. "Shika na wewe."

Akasitasita. Kisha akaja, akaweka vidole vitatu juu ya mkono wangu, kidole gumba kakinyoosha mbali kabisa, kama anayeogopa kukiunguza. Akasogeza vidole, akatafuta, akayapata.

"Haya si yangu," akasema.