Punda Si Ng'ombe

Miaka ishirini ya kuosha matumbo machinjioni ilimfundisha mwanamke mmoja kuzijua mimba za wanyama kuliko daktari. Sungura huzaa kwa mwezi mmoja, vitoto vipofu, kwa sababu ana shimo la kuvificha. Punda hana shimo. Hubeba mwaka mzima, ili mtoto azaliwe leo na leo hiyo akimbie.

Shemeji yake, mfuga ng'ombe mbishi kupindukia, alipoleta punda wake achinjwe ili auze ngozi, mwanamke alimsihi: "Ana mimba huyu, shemeji. Msubiri kidogo tu."

"Alipandwa miezi kumi na moja iliyopita. Ng'ombe angekwishazaa. Hilo tumbo ni majani," shemeji akacheka. "Na wewe tumbo lako mwenyewe limeshindwa kuzaa, la punda utalijulia wapi?"

Wachinjaji nao wakacheka.

Punda akapasuliwa. Ndani alilala mtoto aliyekamilika, kwato na kope tayari, miguu mirefu imekunjwa.

Mwosha matumbo alimnyoosha miguu ile sakafuni, mmoja baada ya mwingine. Shemeji alijikuna kidevu.

"Ngozi ya huyu mdogo," akauliza, "nayo mnachukua?"