Dalali Mwenye Stakabadhi ya Mkulima

Nilikuwa dalali wa vyumba Mkuyuni, miaka ile dalali alipoitwa kupe mkutanoni. Jioni mwita-kupe huyo huyo alinifuata uchochoroni: "Ndugu, hakuna kachumba kenye mlango unaofunga?"

Mpangaji alinilipa kodi ya mwezi mmoja. Chumba cha sitini, sitini zangu, ndivyo walivyodhani wenye wivu. Balozi wa nyumba kumi alikata ishirini za kumpokea mgeni, maana bila yeye mgeni halali. Kumi zilikwenda kujenga ofisi ya tawi la chama. Mabati ya ofisi hiyo nimeyahesabu mara mbili, hayakuwahi kuongezeka. Thelathini zilizobaki mke wangu alizihesabu upya, kana kwamba mwizi ni mimi.

Hata hivyo nilikwenda mwenyewe kulipa kodi ya maendeleo. Wasio na kazi walikuwa wanakamatwa mjini na kupelekwa kulima, na kinga ilikuwa stakabadhi inayotaja kazi yako. Karani wa kodi alikuwa na kalamu mbili mfukoni, zote zimekauka. Akaazima yangu.

"Kazi?"

"Dalali wa vyumba."

"Hiyo si kazi. Ni unyonyaji."

"Basi nisilipe."

"Utalipa. Chagua kazi."

Utadhani ananiuzia kitenge. Nikataja ufundi; akauliza ufundi gani.

"Nakuandika mkulima," akasema. "Mkulima hasumbuliwi."

"Kwa bei ile ile?"

"Ile ile."

Mimi ninayebishania hata fungu la dagaa, nikaona nimepewa heshima ya bure. Nikalipa. Kalamu hakuirudisha.

Haikupita wiki, mgambo wakanisimamisha sokoni. Nikatoa stakabadhi kwa madaha. Mkubwa wao akaisoma kwa kidole, neno baada ya neno.

"Mkulima."

"Ndiyo, Ndugu."

"Shamba liko wapi?"

Vyumba vyote vya Mkuyuni nilivijua, vyenye kunguni na vyenye wachawi. Shamba, sikujua hata moja.

"Panda lori, mzee. Tutakuonyesha."

Tulishushwa kijiji kimoja cha Misungwi, watu lori zima, na aliyetuleta hakuwa amefikiria tutalala wapi. Mwenyekiti wa kijiji alibaki anajikuna kichwa. Nikazunguka kaya kwa kaya: wewe una pamba shambani, mimi nina vijana wenye mikono, wape pa kulala. Kila mwenye nyumba alinishukuru kwa kibaba cha michembe, vile viazi vilivyokatwa na kukaushwa.

Mwenyekiti akaliona gunia langu likijaa.

"Na ofisi ya kijiji inapata nini hapo?"

Nikamtolea stakabadhi. "Soma, Ndugu Mwenyekiti. Mimi ni mkulima. Haya ni mavuno."

Aliisoma, akaigeuza nyuma, akanirudishia. Walipotuachia nilivuka mlango wa nyumbani na gunia zima. Mke wangu alilipima kwa kibaba, kisha akalipima tena.