Vijana Walioombewa Kanisani

Mama alipokuja Toronto kutoka Bukavu kuishi nami, nilikuwa nikishinda kazini nikihudumia wazee, naye akibaki peke yake kwenye ghorofa ya kumi na saba, St. James Town. Kiingereza hakujua. Kitu pekee alichokielewa kwenye televisheni ni besiboli: huyu anarusha mpira, yule anaupiga kwa gongo, kisha anakimbia. Baada ya miezi michache alikuwa akinifundisha mimi.

Mwaka jana timu ya mji ilianza vizuri, na kufikia Julai Mama alikuwa na hakika itaingia mechi za mtoano. Agosti timu ikaanza kuporomoka. Septemba, nikirudi kazini, nilijua matokeo kwa jinsi alivyokuwa akikata vitunguu. Alilalamika kwamba kocha anawachosha warushaji, kwamba hakuna anayemshauri.

Jumapili moja mchungaji akauliza nani ana hitaji la maombi. Mama akasimama. Akasema ana vijana wake, wamechoka, kila siku wanaanguka, na siku zilizobaki ni chache. Tulikuwa wageni katika kanisa lile la Wakongomani. Hawakujua kwamba mimi ndiye mtoto wake pekee. Kanisa zima likaomba kwa sauti, na mama mmoja wa kwaya akatokwa na machozi. Mimi nilikuwa nikitazama viatu vyangu.

Tulipotoka nikamuuliza kwa nini hakusema ni wachezaji.

"Hawakuniuliza," akanijibu.

Jumatano timu ikafungwa tena, na hapo matumaini ya mtoano yakaisha, ingawa mechi chache zilikuwa bado. Mama akazima televisheni na kuifunika kwa kitenge.

Jumamosi mchana tukasikia hodi. Wamama watatu wa kanisani walikuwa mlangoni na sufuria ya sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, na bugali uliofungwa kwa taulo ili usipoe. Mkubwa wao akauliza, kwa sauti ya chini kama ya msibani, vijana wanaendeleaje. Mama akanitazama. Sikumsaidia. Basi akaondoa kile kitenge, akawasha televisheni.

"Ndio hawa," akasema. "Wameshindwa."

Yule mama wa kwaya ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akakaa sakafuni. Mkubwa wao hakucheka. Aliwatazama wachezaji kwa muda, kisha akataka kujua kama maombi yao yalikwenda bure. Mama akamweleza kwa heshima kwamba hapana, yalichelewa tu, wangeanza Agosti.

Wakabaki. Tulikula sombe tukitazama mechi isiyokuwa na faida kwa yeyote, Mama akieleza kila kitu huku akielekeza kwa tonge. Mchezaji wetu mmoja alipoupeleka mpira hadi kwa watazamaji, wote wanne wakapiga vigelegele.

Tukafungwa hata hivyo. Mkubwa wao, akivaa viatu ili aondoke, akamuuliza Mama msimu mwingine unaanza mwezi gani.