Mume Aliyejibu kwa Kichwa

Nilipoajiriwa kuwa mshauri wa familia, ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili vya kupanga pale Nyalikungu, mjini Maswa. Mkuu wetu alikuwa mama wa makamo, mpole, aliyezoea kunishika mkono na kunipeleka hata sehemu nilizokwisha kuzijua. Mimi sioni tangu nikiwa na miaka sita, baada ya kuugua surua. Nilikuja na shahada ya ustawi wa jamii na kompyuta inayonisomea maandishi kwa sauti. Wiki tatu za mwanzo nilipewa kazi ya kupokea simu.

"Zoea kwanza, mwanangu," aliniambia.

Nilikuwa nimezoea siku ya pili.

Katika simu hizo alipiga mwanamke mmoja wa Sola, mkulima wa pamba. Alisema mumewe hampigi, halewi, analima na kula kama kawaida, ila hajamsemesha tangu mavuno. Nilimpangia siku, waje wote wawili. Siku ilipofika, mkuu aliitwa ghafla Bariadi kwenye kikao, na mshauri mwingine alikuwa likizo. Nikawapokea mwenyewe.

"Mwangaluka," niliwasalimu kwa Kisukuma.

Mke aliitikia. Mume akauliza, "Mwenye ofisi yuko wapi?"

"Ni mimi, baba."

"Si kipofu wewe, dada?"

"Ndiyo, sioni. Karibuni mkae tuanze."

Kiti kililia, nikajua amekaa. Nikamuuliza kama ni kweli hawajaongea tangu mavuno. Kimya. Nilisubiri. Nje mtu alikuwa anafagia.

"Ameitikia kwa kichwa," mke akasema.

"Mama, usimjibie. Baba, kichwa chako mimi sikioni. Inabidi useme."

"Ndiyo."

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo, sijaongea naye."

Nikauliza kama alikuwa anaumwa. Kimya tena. Nikarudia swali.

"Si nimeshatikisa kichwa!" alisema kwa hasira, kisha akakumbuka. "Siumwi."

Tuliendelea hivyo kwa muda. Kila alipojisahau nilirudia swali, bila kuongeza neno. Nakiri kwamba sikuwa na mbinu yoyote. Nilihitaji majibu ya kuandika kwenye jalada. Nilipomuuliza kilichotokea wakati wa mavuno, nilimsikia akivuta pumzi.

"Alimfungia mtoto begi," alisema. "Kijana wetu wa kwanza. Nilikuwa nimemkatalia kwenda Mwanza. Narudi kutoka shambani, jirani ndiye ananiambia kwamba mwanangu ameondoka na mama yake amemsindikiza. Jirani! Mimi ni nani katika nyumba ile?"

Nilimsikia mke akivuta kamasi. Sikujua kama analia, na sikuuliza.

"Kumbe ni hilo?" akasema. "Mimi nilidhani una mwanamke."

"Mwanamke! Nimpate wapi, katikati ya pamba?"

Mke alicheka kidogo. Mume hakucheka, lakini aliendelea kuongea, na sasa alikuwa anaongea naye, si na mimi. Wakachanganya Kisukuma. Niliacha kuandika.

Hawakutoka pale wamepatana. Mke alikwenda kukaa kwa kaka yake na hakurudi nyumbani hadi mvua zilipoanza. Alinipigia kunijulisha amerudi. Mumewe anaongea siku hizi, alisema, na mengi ni malalamiko.

Mkuu alifurahi kupita kiasi. Aliwasimulia wageni wa ofisi kwamba nimejaliwa kipaji, kwamba mbele yangu hata mawe yanasema. Nikaanza kuletewa wanaume wabishi, mmoja baada ya mwingine. Kesi nyingine zote zilikwenda kwa mwenzangu.

Siku moja aliniletea wa nne. "Huyu ni wako," alisema mlangoni. "Hafungui mdomo."

Nilimwomba mkuu tutoke nje kidogo.

"Mama, sina kipaji," nilimwambia. "Niliuliza swali nikasubiri jibu. Hata wewe unaweza, ukitazama meza badala ya kumtazama mtu. Ukinipa hawa kwa sababu ya macho yangu, ni sawa na kunirudisha kwenye simu."

Kutoka ndani nilimsikia yule mwanaume akikohoa.

"Umekasirika?" mkuu akauliza.

"Ndiyo. Lakini ninachoomba ni kazi. Ugawanye majalada, mimi nipate yangu kama mwenzangu."

Jumatatu iliyofuata mkuu alisoma orodha ya kesi mbele yetu wote wawili na kuzigawa nusu kwa nusu. Ya kwanza yangu ilikuwa Malampaka, karibu na stesheni ya treni: mjane na shemeji zake waliogombania nani alee watoto. Nilikwenda mara tatu. Wote waliongea sana, tena kwa wakati mmoja, na hakuna aliyekubali chochote. Mwishowe walikwenda mahakamani. Nililichukua kama kushindwa, na hadi leo sijaona sababu ya kuliita jina jingine.

Niliandika ripoti nikaituma kwa mkuu. Asubuhi alinirudishia. Nilikuwa nimeruka umri wa mtoto mdogo, na aya ya mwisho, alisema, ilikuwa na maoni yangu badala ya maelezo ya familia.

"Rekebisha, uniletee kabla ya saa sita," alisema, akaenda kumwita mwenzangu naye alete ripoti yake.