Uwanja Uliogawanywa kwa Kamba

Kila asubuhi niliamshwa na ufagio wa Bibi. Ulikuwa ufagio wa vijiti, mgumu, na ulikwaruza udongo wa uwanja wetu pale Tabora kwa sauti ndefu, shwaa, shwaa, mpaka Bibi alipofika barabarani na kugeuka. Bibi, mama yake Baba, alizaliwa Ipole, na kwake uwanja wa mbele haukutakiwa kuonekana na jani hata moja. Akimaliza, mistari ya ufagio ilibaki chini kama nywele zilizochanwa, na mimi, Sabina, mwenye miaka kumi, nilipita pembeni nikienda shule ili nisiivuruge.

Mama alitoka Njombe, kwenye baridi na manyunyu, ambako majani huota mpaka ngazini. Miaka yote ya ndoa yake aliuvumilia uwanja mtupu. Lakini kwa masika mawili mfululizo maji yalikuwa yameondoka na udongo wetu, mawe ya msingi yakaanza kuonekana, na ukuta wa mbele, wa matofali mabichi, ukapata ufa wa kuingiza kidole. Mvua za mwaka ule zilipoanza, Mama alisema dawa ni kupanda ukoka. Bibi alikataa katakata. Majani mlangoni yanaleta nyoka, alisema, na wapita njia watauliza kama nyumba hii haina mwanamke. Walibishana siku tatu kwa heshima zote, shikamoo na marahaba zikiwa palepale, lakini ugali ulilika kimya. Mwishowe Baba, aliyefanya kazi stesheni na aliyependa kula huku akiongea, alichukua kamba, akaugawa uwanja katikati kuanzia mlangoni hadi barabarani. Kushoto Mama, kulia Bibi.

Mama nami tulikwenda kuomba ukoka kwenye uwanja wa kanisa, tukarudi na viroba viwili kichwani, maji ya matope yakitutiririka shingoni. Tuliukatakata vipande vya urefu wa kidole, kila kimoja na mizizi yake, tukavichomeka kwa mistari kwenye udongo uliolowa. Mikono yetu ilinuka ubichi mpaka siku ya pili. Kazi yangu ikawa kung'oa magugu na kuwafukuza kuku wa jirani, ambao walidhani tumewapandia wao. Nikirudi shule nilipiga magoti nione vipande vipi vimetoa jani jipya, na kila jani lilinifurahisha kama vile nimelizaa mwenyewe.

Kisha Mama akashikwa na malaria, akalala wiki nzima. Asubuhi moja sikusikia ufagio. Nilipochungulia mlangoni, manyunyu yalikuwa yakianguka, na Bibi, kanga kichwani, amechuchumaa upande wa kushoto wa kamba. Alikuwa akirudishia ukoka uliofukuliwa na kuku, akikandamiza kila kipande kwa kidole gumba. Aliponiona hakushtuka.

"Usimwambie mama yako," alisema. "Mgonjwa asiamke akakuta kazi yake imeharibika."

Sikumwambia.

Mvua kubwa ilikuja majuma kadhaa baadaye, mchana. Maji yalishuka kutoka barabarani yakivuma, rangi ya chai ya maziwa, nasi watatu tulisimama mlangoni, macho kwenye ule ufa. Ilipokatika, upande wa Bibi ulikuwa umechimbika korongo la kufika magotini mwangu. Upande wa Mama ukoka ulikuwa umelala kifudifudi, umejaa matope, lakini udongo ulikuwa palepale. Bibi alimgeukia Mama.

"Mama Sabina," alisema, "hayo majani yako hayawezi kuhamia na huku?"

"Yanaweza, mama," Mama alijibu. "Tutaanza kukata kwenye mstari ulioupanda wewe. Ndio ulioshika kuliko yote."

Bibi akanigeukia. Niliapa kwamba sikusema kitu. Mama akaeleza kwamba dirisha la mgonjwa nalo lilitazama uwanjani, na wote wawili wakacheka mpaka Bibi akakaa kizingitini, akijifuta machozi kwa upindo wa kanga.

Baba aliifungua kamba jioni ileile. Kufikia mwisho wa masika uwanja mzima ulikuwa kijani. Mama alifyeka, Bibi akakusanya majani. Jumapili moja, tumetoka misa, Bibi alivua viatu, akakanyaga polepole, akasema ni baridi kama maji ya mtungini. Mimi nilibiringika kutoka mlangoni hadi barabarani na gauni langu la kanisani, na hakuna aliyenigombeza.

Sasa naishi Njombe, kwao Mama. Huku ukoka hausubiri kuombwa; mvua na ukungu vinaukuza, nami naukata kila Jumamosi kwa mashine ya petroli, kisha nakwangua ule utando wa kijani unaoota penye kivuli. Kule Tabora Baba ametandaza vitofali vya pevingi uwanja mzima na ukuta umesimama imara. Bustani yangu ni nene, imenyooka, na mgeni yeyote ataisifu kuliko ule uwanja wetu wenye mabaka. Wanangu huikatiza mbio wakienda shule, wala siwalaumu, kwa kuwa wameikuta hivyo. Mimi huzima mashine, nikasimama kwenye baridi nikiitazama, na mara nyingi najikuta natabasamu. Ninachokosa ni mtu wa kubishana naye juu ya majani.