Nyumba Tano Zilizokataa Kusema Mapato Yao

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilisimama mlangoni kwa Mbuyi nikiwa na karatasi za uchunguzi mkononi na wivu umenijaa mpaka kooni. Sijawahi kumsimulia mtu. Nakusimulia wewe kwa sababu jana ulinionyesha kwenye kompyuta ile kazi yako ya chuo kuhusu tofauti ya mapato hapa Kamina, ukaniambia matajiri kadhaa hawakujibu, na kwamba unafikiri kuwafuta tu. Ngoja kwanza.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu. Wafanyakazi wa reli walituchagua vijana wanne tupite nyumba kwa nyumba tukiuliza kila mtu anapata kiasi gani kwa mwezi. Ripoti ilikuwa iende kwa wakubwa kudai mishahara iongezwe, na wa baba yangu ukiwemo. Kwenye kambi ya reli kazi ilikuwa nyepesi: mtu anakutolea karatasi ya mshahara, unanakili, unaaga. Lakini kwa wafanyabiashara, weee! Hapa kwetu mwenye pesa hasemi, maana akisema leo, kesho ukoo mzima umeketi barazani kwake. Nyumba tano zilikataa kabisa, na moja ilikuwa ya Mbuyi.

Mbuyi nilikaa naye benchi moja shuleni. Mume wake, mfanyabiashara wa mahindi kutoka mashamba ya Kaniama, alianza kwa kunichumbia mimi. Sikufichi, iliniuma, na bado inaniuma kidogo. Siku ile alinipa maji baridi kutoka kwenye friji yake, mimi ambaye kwetu tulikunywa ya mtungi.

“Andika tu ile unaona, ndugu yangu,” aliniambia. “Miye sitasema.”

Basi nikaandika nilichoona. Niliona bati jipya, pikipiki mbili, na pete kidoleni mwake. Nikaandika namba kubwa mno, na sikuiandika kwa bahati mbaya. Nilitaka mji mzima umwone mumewe kama mnyang'anyi.

Aliyetusimamia alikuwa Papa Ilunga, karani wa zamani wa stesheni, mtu wa maneno machache. Alipojumlisha, aliona nyumba moja imeuvuta wastani wa mji wote juu. Akaniita.

“Hii namba, nani alikupatia?”

“Hapana muntu, papa. Niliangalia nyumba.”

“Basi haiko mapato ya muntu. Hii ndiyo wivu yako, umeiandika na kalamu. Bakubwa bakiikamata, batatupa makaratasi yote, na baba yako atabakia na mushahara ile ile.”

Nililia. Kisha nikasema, kwa hasira za aibu, tuzifute nyumba zote tano yaishe. Hapo ndipo alipokasirika kweli.

“Ukibatoa batajiri, Kamina yote itaonekana iko sawasawa. Sasa tutadai nini?”

Akanirudisha kwa Mbuyi. Safari hii nilimwambia nilichofanya, nikamwomba radhi, nikamuuliza kama anaweza kunisaidia hata kidogo.

“Sijue, ndugu,” akasema. “Bwana yangu haniambiaka. Naonaka tu magunia inaingia, inatoka.”

Akaniambia idadi ya magunia. Ungedhani wivu uliishia pale. Wapi! Nilitoka nikiitazama ile friji. Ila namba yangu niliifuta mwenyewe. Papa Ilunga alichukua yale magunia akapiga hesabu mara mbili, mara moja kwa faida ndogo kwa kila gunia, mara nyingine kwa faida kubwa, na kwa zile nyumba nyingine nne tukatafuta njia kama hiyo. Majibu yote mawili tukayaweka kwenye ripoti, na chini yake tukaandika wazi kwamba nyumba tano hazikusema na jinsi tulivyokadiria. Wakubwa waliichambua wakitafuta uongo. Walipokosa, ikabidi wakae mezani. Baba aliongezewa, si sana, lakini aliongezewa.

Kwa hiyo, mwanangu, usiwafute hao wa juu. Ukiwafuta, maskini wako watakosa wa kulinganishwa naye. Usiwajazie pia kwa unavyowaonea, maana mtu anayechunguza mapato ya wenzake ana wivu, hata akiwa na shahada, na wewe nimekusikia unavyowataja wenye magari. Pasipojulikana, andika hapajulikani. Tafuta dalili za pembeni, kadiria chini, kadiria juu, na umwonyeshe msomaji yote mawili. Ukiona namba inakufurahisha moyoni, hiyo ndiyo uirudie kwanza.

Mungu akubariki, akupe jicho safi na mkono mwaminifu. Akupe na mshahara mnene kuliko wote niliowahi kuuandika. Na siku msichana mwenye karatasi atakapobisha mlangoni kwako kukuuliza unapata ngapi, akupe moyo wa kumjibu.