Madoa amewika, nami nikamtaja samaki

Leo nimemtetea kuku kwa habari za samaki, na sijui kama nimemwokoa.

Jogoo wetu alichinjwa kwenye kipaimara cha mdogo wangu, na leo alfajiri kuku wetu jike, Madoa, ameanza kuwika. Hapa Itaka jike akiwika ni mkosi. Anachinjwa siku hiyohiyo.

Asubuhi nimemkuta mama ananoa kisu.

Mimi si muongeaji (mnanijua), lakini nikamweleza nilichosoma maktaba. Kuna samaki wadogo wa kwenye matumbawe, dume mmoja na majike kadhaa. Dume akifa, jike mkubwa kuliko wote hugeuka dume.

“Si mkosi, mama. Ni maumbile.”

“Kwa hiyo Madoa sasa ni jogoo?”

“Inawezekana, mama.”

Akaweka kisu chini. Nikashusha pumzi.

“Afadhali, mwanangu. Mchungaji anakuja Jumapili, na nilikuwa nahangaika nitapata wapi jogoo wa kumchinjia.”

Jamani.

Nikimwambia kuku si samaki, kisu kinarudi leo. Nikinyamaza, ni keshokutwa.

Madoa yuko mlangoni, anawika tena. Ningekuwa yeye ningenyamaza kwanza.

Ninyi mngesema nini?